Moto na dawa pekee havitarudisha malisho ya Bariadi

Kila mwaka, mvua zikishakatika na pamba ikishavunwa, anga ya Bariadi huanza kubadilika rangi. Moshi huonekana ukiinuka huku na huko mbugani, na usiku mistari myekundu ya moto hutambaa vilimani. Si kila moto huwa wa bahati mbaya, wala si kila moto huwa wa uhalifu. Mara nyingi aliyeuwasha ni mfugaji ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akiona vichaka vya miiba vikimega malisho yake kidogo kidogo, hata ng'ombe wake wakabaki kupita baina ya miiba wakitafuta nyasi ambazo hazipo. Amekata kwa panga na shoka, akashindwa. Sasa ameukabidhi moto kazi hiyo.

Mvua za kwanza zikinyesha, mfugaji huyo huenda kutazama matunda ya kazi yake. Hapo hukutana na jambo la kumvunja moyo. Kila kisiki kilichoungua kimetoa machipukizi. Palipokuwa na shina moja sasa pana matano au sita, yote mabichi na yenye nguvu. Mwaka wa tatu kichaka kimekuwa kinene kuliko kilivyokuwa kabla ya kiberiti kuwashwa. Ndipo huanza kusikiliza maneno ya wale wanaosema kwamba iko dawa ya dukani, ya maji, ambayo ukiinyunyiza mara moja basi mambo yamekwisha.

Safu hii inasema kwamba mambo hayatakuwa yamekwisha. Nalo si jambo la watu wa Bariadi peke yao.

Huenda msomaji wetu wa Ukerewe, Ukara au Kome akauliza: vichaka vya Bariadi vinanihusu nini mimi niliyezungukwa na maji? Vinamhusu sana. Mto Simiyu, pamoja na mwenzake Duma, hukusanya maji ya nchi hiyo ya wafugaji na wakulima wa pamba na kuyamwaga katika Ghuba ya Speke, upande wa Magu. Udongo unaochukuliwa na mvua kutoka malisho yaliyo uchi husafiri kwa njia hiyo. Na sumu ikimwagwa juu ya malisho hayo, njia yake ni hiyo hiyo. Mvuvi anayetupa wavu wake katika ghuba hiyo, na mama anayeteka maji ya kupikia ufukweni, wote wamo katika shauri hili, ingawa hawajapata kuuona mti wa mtundulu maishani mwao.

MZIZI HAUUNGUI

Tuanze na adui mwenyewe, maana vita visivyomjua adui huishia kumchosha anayepigana. Miti midogo inayosumbua malisho katika nchi ya Wasukuma ni ya aina nyingi, lakini miwili yafaa kutajwa. Wa kwanza ni mtundulu, ambao wataalamu huuita Dichrostachys cinerea. Mti huu huchipua si kutoka kisikini tu, bali hata kutoka kwenye mizizi inayotambaa chini ya ardhi, hata mti mmoja ukikatwa watoto wake hutokea hatua kadhaa kutoka pale ulipokuwa. Wa pili ni ule mwiba wa mbuga nyeusi wenye vifundo ambamo chungu hufanya makao yao, Acacia drepanolobium. Huo nao ukiungua juu, huchipua chini.

Siri ya miti hii ni akiba. Chakula chake kimehifadhiwa mizizini, mahali ambapo moto wa nyasi haufiki, kwa kuwa udongo ni kinga kubwa dhidi ya joto. Moto huua sehemu ya juu, mzizi hubaki mzima, na mvua ikinyesha mzizi hutumia akiba yake kusukuma machipukizi mapya. Kwa hiyo kuchoma mara moja, kama kukata mara moja, ni sawa na kupogoa. Mti haudhoofiki mpaka machipukizi yenyewe yaondolewe tena na tena kabla hayajairudisha akiba iliyotumika. Asiyeweza kurudi mara ya pili na ya tatu, afadhali asianze.

Hata hivyo, moto si kitu kisicho na faida. Unaua miche michanga iliyoota kwa mbegu na ambayo bado haijajenga mzizi. Unakirudisha kichaka kirefu chini, mahali ambapo mdomo wa mbuzi unakifikia. Lakini moto huo unahitaji kuni, na kuni za moto wa malisho ni nyasi zenyewe. Watafiti wa Afrika Kusini, ambao wamelichunguza jambo hili katika Eastern Cape tangu miaka ya 1970, wanasema kwamba moto wa kupunguza vichaka unataka nyasi kavu zipatazo kilo 4,000 kwa kila hekta. Chini ya hapo moto hupita ukiwa baridi, ukababua majani na kuondoka.

Sasa na tujiulize: ni malisho gani ya Bariadi yanayofikia mwisho wa kiangazi yakiwa na nyasi za kiasi hicho? Mahali ambapo ng'ombe wamekula hadi udongo ukaonekana, mfugaji anachoma nini? Anachoma mabua machache ambayo yangelinda udongo dhidi ya mvua za kwanza. Nyasi zinapoteza, kichaka hakipotezi.

SOMO LA JIRANI ZETU SERENGETI

Ushahidi wa neno hili uko karibu sana, ng'ambo ya mpaka wa Pori la Akiba la Maswa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya ugonjwa wa sotoka kudhibitiwa kwa chanjo ya ng'ombe, nyumbu wa Serengeti walikuwa wapatao 250,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamezidi milioni moja. Nyumbu hao walikula nyasi. Nyasi zilipopungua, moto nao ukapungua. Na moto ulipopungua, miti ikaanza kurudi mahali ambapo zamani ilikuwa ikiungua kila mwaka. Hakuna mtu aliyepanda miti hiyo. Iliota kwa sababu midomo mingi ilikuwa imeondoa kuni za moto.

Yaliyotokea Serengeti kwa nyumbu ndiyo yanayotokea Bariadi kwa ng'ombe. Kwa hiyo tunaposema kwamba vichaka vimevamia malisho, tunasema nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba nyasi ziliondoka kwanza, na vichaka vikaingia katika nyumba isiyo na mwenyewe.

Historia ya nchi ya Wasukuma inatuonyesha pia upande mwingine wa jambo hili. Sotoka ilipoangamiza ng'ombe miaka ya 1890, watu walihama, mapori yakasogea, na mbung'o wakaja pamoja nayo. Katika miaka ya 1920 na 1930 maelfu ya watu wa Shinyanga walitolewa kwa makundi kufyeka mapori hayo, chini ya mpango ulioongozwa na C. F. M. Swynnerton, mtaalamu wa serikali ya kikoloni aliyeshughulikia mbung'o. Yeye alifahamu vizuri nguvu ya wakati: aliagiza nyasi zisichomwe mapema, bali zingojewe hadi mwisho wa kiangazi ili moto uwe mkali. Mapori yalirudi nyuma na mbung'o pia. Lakini ardhi iliyofunguliwa ilijazwa mifugo na mashamba bila mpango wa kuipumzisha, na miaka hamsini baadaye watu walikuwa wakizungumzia Shinyanga, ambayo Bariadi ilikuwa sehemu yake wakati huo, kama nchi inayogeuka jangwa.

Walioshinda pori walishindwa kutunza ushindi wao. Hilo ni onyo kwa kila anayedhani kwamba kazi yetu ni kuondoa miti tu.

DAWA NA MTO

Tuje kwenye dawa. Hatutaki kusema kwamba dawa za kuua mimea hazifanyi kazi. Zinafanya kazi, na katika ranchi za Marekani, Australia na kusini mwa Afrika zimetumika kwa miaka mingi. Lakini yafaa kujua zinafanya kazi gani na kwa gharama ya nani.

Dawa iliyosifiwa sana zamani kwa kuua vichaka iliitwa 2,4,5-T. Ndiyo iliyochanganywa na 2,4-D na kumwagwa kwa ndege juu ya misitu ya Vietnam na majeshi ya Marekani katika miaka ya 1960. Baadaye ilithibitika kwamba ndani yake mlikuwa na uchafu wa dayoksini, sumu inayokaa mwilini na ardhini kwa muda mrefu, na mwaka 1985 Marekani yenyewe ikaifuta kabisa kwa matumizi yote. Wale walioinunua wakiamini maneno ya muuzaji hawakuonywa mapema. Hilo linatosha kumfanya mtu mwenye busara aulize maswali kabla ya kufungua kopo.

Dawa za leo ni nyingine, lakini maswali ni yale yale. Glifoseti, ambayo wakulima wengi wameizoea kwa kusafisha mashamba, huua nyasi pamoja na kichaka. Mwenye kuinyunyiza malishoni anaua kile anachotaka kukiokoa. Pikloramu huacha nyasi na kuua mimea ya majani mapana, na kwa sababu hiyo husifiwa kuwa dawa ya malisho. Lakini dawa hiyo hudumu udongoni kwa miezi mingi, hutembea na maji kwa urahisi, na ng'ombe akila nyasi zilizonyunyiziwa hutoka katika mkojo na samadi yake ikiwa bado na nguvu ya kuua maharage na nyanya. Na je, pamba ni nini kama si mmea wa majani mapana? Inajulikana kote ulimwenguni kwamba pamba ni miongoni mwa mazao yanayodhurika upesi kwa dawa za jamii ya 2,4-D, hata kwa ukungu mdogo uliochukuliwa na upepo kutoka shamba la jirani. Kunyunyiza dawa za namna hiyo juu ya vichaka katika mkoa unaoishi kwa pamba ni kucheza kamari na zao la maelfu ya watu wasioulizwa.

Na ndugu zetu wa Ukara wasikie neno hili kuhusu samadi. Wao ndio mabingwa wa kazi hiyo katika nchi yetu. Tangu enzi za mababu wamefuga ng'ombe zizini, wakawakatia majani na kurudisha kila kapu la samadi shambani, kwa kuwa kisiwa chao ni kidogo na watu ni wengi. Wao wanaelewa kuliko mtu mwingine yeyote hasara ya mkulima ambaye samadi yake imegeuka kuwa adui wa mimea yake.

Watu wa visiwani wanayo pia kumbukumbu nyingine. Gugumaji lilipoenea Ziwani miaka ya 1990 na kufunga mialo na bandari, walikuwako waliotaka limwagiwe sumu. Lakini gugumaji lilipunguzwa kwa mikono ya watu na kwa mbawakavu waliozalishwa na kuachiliwa walile, na hali ya hewa ikasaidia. Ziwa halikutiwa sumu ili liponywe. Iwapo hatukukubali kumwaga sumu majini kwa ajili ya mmea uliokuwa umefunga njia za mitumbwi, hatuna haki ya kuimwaga kwenye kingo za mito inayoingia majini humo humo.

Na mto una njia ya kumrudia mwenyewe. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliukubali mradi mkubwa wa kuchukua maji ya Ziwa Victoria upande wa Busega na kuyafikisha Bariadi na Itilima. Basi kile ambacho mtu wa Bariadi atakiachia mto leo, si mvuvi peke yake atakayekinywa.

KIPUMZIKO KWANZA

Ikiwa moto peke yake hautoshi, na dawa ina hatari, je, mfugaji akae akitazama miiba? La hasha. Njia ipo, nayo haikutoka ng'ambo. Wasukuma huiita ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza ili nyasi zikue, na kufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali. Mwalimu Nyerere alipozuru Shinyanga mwaka 1984 na kusikitishwa na hali ya ardhi, ulifuata mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kuendelea hadi 2004. Mradi huo ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa za hekta zipatazo 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Hakuna trekta wala ndege iliyofanya kazi hiyo. Ilifanywa na vijiji, kwa sheria ndogo zao na kwa mkutano wa jadi wa dagashida, ambao faini yake huogopwa.

Ngitili ndiyo ghala ya kuni za moto unaofaa. Mahali palipofungwa kwa mvua nzima pana nyasi, na penye nyasi moto unaweza kufanya kazi. Basi utaratibu wenyewe ungekuwa hivi. Kijiji kigawe malisho yake katika mafungu, kifunge fungu moja kwa msimu mzima, kisha kilichome mwishoni mwa kiangazi, siku isiyo na upepo mkali, baada ya kusafisha njia za kuzuia moto pande zote na watu wakiwapo. Baada ya moto, fungu hilo lisiingize ng'ombe mpaka nyasi zimeshika mizizi. Wapelekwe mbuzi, kwa sababu chipukizi laini la mtundulu ni karamu kwao. Mbuzi wakilikata kila linapotoka, mzizi huishiwa akiba. Visiki vichache vitakavyobaki ving'olewe kwa jembe na sururu udongo ukiwa laini. Wala miti yote isiondolewe, kwa kuwa kivuli, kuni, asali na majani ya kiangazi hutoka humo humo. Tunataka kupunguza msitu wa miiba, si kutengeneza uwanja wa vumbi ambao babu zetu walituachia.

Tunajua mfugaji atauliza: nikifunga fungu, ng'ombe wangu watakula nini? Swali hilo ni la haki, na kiongozi asiye na jibu lake asiende kuhutubia. Bariadi upande mmoja imepakana na maeneo ya hifadhi na upande mwingine mashamba yamesogea. Ardhi haitanuki. Jibu la kweli ni kwamba baadhi ya ng'ombe itabidi wauzwe wakiwa bado wana nyama, kabla kiangazi hakijawanunua kwa bei yake. Mabua ya mtama na mahindi yahifadhiwe badala ya kuchomwa shambani. Na vijiji jirani vikubaliane kupokezana mafungu, ili mmoja anapofunga mwingine afungue. Ni maneno machungu, lakini mfugaji aliyewahi kukokota ng'ombe aliyelala chini kwa njaa mwezi wa kumi amekwisha kuonja uchungu zaidi ya huo.

WAJIBU WA VIONGOZI

Kwa viongozi wa Mkoa na Wilaya tuna maneno machache. Kupiga marufuku moto wote kwa tangazo moja ni kazi rahisi, lakini haileti nyasi. Marufuku isiyotofautisha moto wa mhuni na moto wa kijiji kilichojipanga huwafanya watu wachome usiku, mapema na kwa kujificha, na moto wa kujificha hauna mlinzi. Sheria ya Nyanda za Malisho ya mwaka 2010 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 zinatoa nafasi ya vijiji kupanga malisho yao. Kila kijiji chenye ngitili na kiwe na kalenda ya moto iliyopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, na siku ya kuchoma maofisa wa mifugo na wa misitu wawepo pale, si ofisini wakingoja kuandika faini.

Kuhusu dawa, msimamo uwe mmoja. Zisinyunyizwe juu ya malisho kwa ndege wala kwa bomba la mgongoni. Pale ambapo hapana budi, dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ipakwe kwa brashi juu ya kisiki kilichokatwa papo hapo, na mtu aliyefundishwa, na kamwe isiwe ndani ya mita 60 kutoka mtoni, bwawani au lamboni, mpaka ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeuweka kulinda vyanzo vya maji. Maelezo ya kopo yawe kwa Kiswahili ambacho mfugaji anakisoma. Na fedha ambazo zingenunua mapipa ya dawa zilipe vijana wa vijiji kung'oa visiki. Hapo fedha itabaki Bariadi na mto utabaki safi.

Tungependa pia kuona mashamba ya mfano, pengine hapo Nyakabindi ambako wakulima na wafugaji walikusanyika kwa sherehe za Nanenane. Fungu moja lichomwe tu, la pili lichomwe na kupewa mbuzi, la tatu lipumzishwe bila moto. Mfugaji akiona kwa macho yake mwenyewe baada ya miaka mitatu, hatahitaji hotuba.

Tahadhari hii si ya nadharia. Kule pwani ya Tanga, ranchi ya Mkwaja ilifuga maelfu ya ng'ombe kuanzia mwaka 1954, na ikafungwa mwaka 2000 baada ya kushindwa na magonjwa na na vichaka vya miiba vilivyokuwa vimefunika malisho. Ilikuwa na mtaji na mameneja. Leo sehemu hiyo ni ya wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kama ranchi yenye nguvu hizo ilishindwa, mfugaji wa Bariadi mwenye panga na kiberiti hawezi kuachwa apigane peke yake.

Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta. Ufa wa malisho ya Bariadi ni mahali ambapo nyasi zimeondoka. Tuuzibe kwa nyasi, kwa subira na kwa mpango wa kijiji kizima. Moto uwe mtumishi wa mpango huo, dawa iwe mgeni wa nadra asiyekaribia mto, na ndugu zetu wa visiwani waendelee kuteka maji ya Ziwa bila kulazimika kuuliza huko juu, nchi ya ng'ombe, watu wamemwaga nini.